Mrina Asali Namba Moja

Mwezi uliopita niliingia kwenye hoteli moja ndogo nyuma ya soko la Kitui kula chakula cha mchana. Jua lilikuwa kali na wateja wa mitumba walikuwa wamepungua, kwa hivyo nikamwomba mwenzangu wa kibanda cha pili aniangalizie nguo zangu. Niliagiza muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na kipande cha nyama. Juu ya kaunta palikuwa na televisheni iliyozimwa sauti, na ndani yake wanaume waliovaa kepu na suruali za kubana. Mmoja alikuwa amesimama na rungu begani. Nyuma yake, kwenye vumbi, alichuchumaa mwingine mwenye wavu wa chuma usoni, kinga nene kifuani, na mkono mmoja ndani ya glavu kubwa ya ngozi.

"Mathee, nikuwekee mpira?" kijana aliyekuwa akituhudumia akaniuliza, rimoti tayari mkononi.

"Wacha hapo hapo."

"Hapa? Hii hata sisi hatujui ni nini. Ni wazungu wanarushiana mawe."

"Wacha tu. Huyo aliyechuchumaa namjua."

Akaitazama televisheni, akanitazama mimi, akaenda kuwaambia wenzake jikoni. Nikawasikia wakicheka. Sikuwalaumu. Muthokoi ulipoa mbele yangu, na siku hiyo, nikiwa mtu mzima mwenye mvi zake, ndipo nilipojua kwamba yule hakuwa mrina asali. Alikuwa mchezaji wa besiboli. Kazi yake ni kudaka mpira unaorushwa.

Kabla sijaendelea, rafiki yangu, nikuambie jambo moja ili ujue tunakokwenda. Tulikuwa watoto wanne, mimi nikiwa wa kwanza, na iko siku ambayo watu wazima walikaa nyumbani kwetu kutugawana. Tulikuwa pia na kadi za picha, huyo aliyechuchumaa akiwa kwenye mojawapo, nazo zilikaribia kugawanywa siku hiyo hiyo. Nadhani ndiyo sababu nazikumbuka vizuri kuliko mambo mengi yaliyokuwa na maana zaidi.

Tulikulia Matinyani, mahali ambapo asubuhi ilianza kwa mlio wa mchi kinuni. Mama alitwanga mahindi ya muthokoi kabla jua halijapanda, na ukisikia mchi umetulia ulijua zamu yako ya kumpeleka punda mtoni imefika. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Tulichimba kwa sahani mpaka maji yakajitokeza taratibu, tukayateka kwa kata, tukajaza mitungi, huku kanga wakipiga kelele kwenye vichaka kana kwamba maji ni yao. Baba alikuwa na mizinga ya nyuki juu ya miti ya kando ya mto huo. Mama aliuza mitumba sokoni Kitui siku za soko. Hatukuwa matajiri wala hatukuwa wa kuhurumiwa. Tulikuwa na mbuzi, kuku, shamba la mbaazi, na ghala lililosimama juu ya miguu minne ya mti.

Siku moja mama alifungua furushi la jaketi za watoto, na ndani ya mfuko wa mojawapo akakuta kadi zilizofungwa kwa mpira. Hakuna mteja ambaye angezinunua. Alipofika nyumbani akazitupa juu ya meza.

"Haya, chukueni hawa wageni wenu," akasema. "Wametoka ng'ambo bila kulipa nauli."

Kila kadi ilikuwa na picha ya mwanamume mmoja. Wengi walibeba rungu refu lililolainishwa vizuri. Wote walivaa sare na kepu. Sasa niambie, mtu mwenye sare, kepu na rungu ni nani? Hatukuhitaji kuuliza. Walikuwa masoja, kama wale waliolinda maduka ya Kitui, ila hawa walilishwa vizuri zaidi.

Ndugu yangu anayenifuata, ambaye alikuwa akiongoza darasa lao kila muhula, alizigeuza kadi na kukuta nyuma kumejaa tarakimu. Alizisoma kwa uso wa mwalimu mkuu.

"Haya ni matokeo ya mtihani," akatangaza. "Huyu amepata nukta mbili nne moja. Hata moja nzima hakufikisha."

"Na huyu?" akauliza dada yetu, wa tatu kuzaliwa.

"Nukta mbili saba."

"Huyu mrembo je?"

"Nukta tatu. Huyu ndiye aliyewashinda wengine, na bado amefeli."

"Wote wamefeli?"

"Wote. Ndiyo maana wakapewa rungu."

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na msemo wake: asiyeshika kalamu atashika rungu. Aliusema karibu kila wiki, akitutazama mmoja mmoja. Basi sisi tulikuwa tumepata ushahidi, tena wenye picha za rangi.

Ndipo likaanza lile jambo la kuwapanga. Lilifanyika Jumapili tu, baada ya kanisa, baada ya chakula, na baada ya vyombo kuoshwa, maana mama hakuruhusu mchezo wowote uzidi sufuria chafu. Tulitandika gunia kwenye kivuli cha ghala na kuwapanga masoja wetu kwa mstari. Namba moja alikaa karibu na mlango wa ghala. Wa mwisho alitazamana na choo. Katikati ndiko kulikokuwa na vita, kwa sababu kadi haikupanda nafasi hivi hivi. Ilibidi mtu asimame aitetee, kama watu wanavyosimama kwenye baraza la chifu, na wengine wampinge.

Wa tatu alikuwa na soja wake aliyepigwa picha akiwa hewani, miguu yote miwili imeachana na ardhi, mkono umenyooshwa juu.

"Huyu apande," alisema kila Jumapili. "Mwizi akiruka ua, atampata huko huko juu."

"Na akishuka je?" anayenifuata akamuuliza.

"Hashuki. Wewe ushawahi kumuona chini?"

Soja wa hewani akapanda nafasi mbili.

Kulikuwa na mmoja ambaye shavu lake lilivimba upande, tukamwita Bwana Jino. Huyo alikuwa na watetezi na wapinzani. Wapinzani walisema mtu mwenye jino bovu hawezi kazi. Watetezi, ambao kusema kweli nilikuwa mimi peke yangu, tulisema mtu mwenye jino bovu halali usiku, na soja asiyelala ndiye anayetakiwa. Kulikuwa na mwingine mwenye picha ya ndege kwenye kepu yake. Huyo hatukumwamini hata kidogo. Tulijua anashirikiana na kipanga aliyetuibia vifaranga, na makazi yake yalikuwa kule kule mbele ya choo. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa bado anatambaa wakati huo, aliwahi kung'ata kona ya kadi moja hadi ikatoka, na tangu hapo soja huyo alihesabiwa kuwa aliumizwa kazini, hakushushwa tena nafasi.

Sheria kubwa ilikuwa hii. Aliyeshika namba moja alipewa zamu ya juma zima. Tulimchomeka kwenye ufa wa mti wa mlango wa zizi la mbuzi, uso ukitazama nje. Juma likipita salama, alibaki na nafasi yake. Kifaranga akipotea au mbuzi akirudi na jeraha, alifutwa kazi siku hiyo hiyo na kupelekwa mwisho wa mstari. Hatukuwa na huruma. Anayenifuata ndiye aliyekuwa mkali zaidi kwa sheria. Aliwahi kumfuta kazi yule mwenye nukta tatu, mwanamume mzuri sana wa uso, kwa sababu ya yai moja lililopasuka.

Yule aliyechuchumaa alitutatiza mwanzoni, kwa kuwa hakuwa na rungu. Tulimpelekea baba. Baba aliichukua kadi kwa vidole viwili, maana mikono yake ilikuwa na asali ya masega, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Huyu si soja," akasema. "Huyu ni mrina asali. Hamuoni wavu?"

Tukaona. Baba mwenyewe alipokwenda kurina alivaa gunia lililotobolewa macho, na juu ya macho alishonea kipande cha chandarua. Huyu wa kadi alikuwa na wavu wa chuma na glavu ya ngozi. Alikuwa na kila kitu ambacho baba alikitamani.

"Halafu tazama amechuchumaa," baba akaendelea. "Anajua kazi. Nyuki hawamfukuzi aliyechuchumaa. Humfukuza anayekimbia."

"Lakini glavu ni moja tu," wa tatu akasema. "Mkono wa pili anauweka wapi?"

Baba akafikiri. "Mfukoni," akasema, akaturudishia kadi ikiwa na alama ya kidole cha asali ambayo haikutoka kamwe.

Kuanzia hapo hapakuwa na ubishi juu ya namba moja. Tulibishana kuhusu waliobaki tu.

Ndugu za baba walikuwa wawili. Baba mdogo alikuwa na duka Mukuyuni, na shangazi aliolewa Mbumbuni kwenye mashamba ya machungwa. Walikuja Desemba, baba mdogo na sukari na mkate, shangazi na gunia la machungwa. Mama yao, susu yetu, aliishi boma la pili kutoka letu, na mimi, binti wa kwanza, nilipewa jina lake. Unajua mambo ya kwetu. Mtoto akichukua jina la mtu, huchukua na heshima yake. Kwa hivyo baba mdogo, mtu mzima mwenye tumbo na duka, hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita mwaitu, yaani mama yangu. "Mwaitu, niletee maji ya kunawa." "Mwaitu, umekonda, hawakulishi?" Nikiwa mdogo nilimuuliza iwapo ninaweza kumchapa akikosea. Akasema ninaweza, lakini nimpe onyo kwanza.

Baba alipougua, aliugua ule ugonjwa ambao siku hizo watu waliusema kwa macho tu. Alilala chumbani miezi mingi. Mizinga ilibaki juu ya miti bila wa kuirina, na mama alianza kutwanga muthokoi polepole ili mchi usimsumbue. Jumapili moja niliona nafasi ya kwanza kwenye zizi haina mtu. Wa tatu alikuwa amemtoa mrina asali na kumchomeka kwenye fremu ya mlango wa chumba cha baba. Mama alikuwa akifagia hapo kila asubuhi. Hakuitoa kadi hiyo.

Baba alifariki kiangazi. Jumapili baada ya mazishi tulitandika gunia kama kawaida, kwa sababu hatukujua tufanye nini kingine. Anayenifuata alishika kadi ya mrina asali mkononi. Hakuwa analia. Alikuwa anafikiri.

"Sheria ni sheria," akasema. "Alikuwa zamu."

"Usimguse," wa tatu akamwambia.

"Mimi nasema tu sheria. Alikuwa zamu na tumepoteza baba."

Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tatu hivi. Nikasema soja huwekwa kulinda vitu visiibwe, na baba hakuibwa. Baba alikuwa mgonjwa. Hakuna aliyepita mlangoni kumchukua. Anayenifuata alilitafuta kosa katika maneno hayo, namjua, akalikosa. Akairudisha kadi karibu na mlango wa ghala.

Baada ya hapo nilianza kwenda sokoni na mama kila Jumamosi. Alinifundisha kuchagua nguo za juu na za chini, kukunja shati ili doa liangalie ndani, na kumtambua mteja anayenunua kutoka kwa anayepitisha wakati. "Anayegusa kola ananunua," alisema. "Anayegusa mkono wa shati anapiga gumzo." Nilidhani ananifundisha kwa sababu anahitaji msaidizi. Miaka miwili ilipita, naye akamfuata baba.

Sasa tumefika kwenye siku niliyokutajia. Ilikuwa siku chache baada ya kumzika mama, mchana, waombolezaji wakiwa wamekwisha kurudi makwao. Baba mdogo alibaki, shangazi akabaki, na susu akaletwa kutoka boma lake akishikwa mkono, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefifia. Shangazi alichinja kuku wawili. Walikaa ndani wakizungumza nami nikiwa jikoni nje, nachochea moto. Ukuta wetu ulikuwa wa matofali membamba. Nilisikia yote.

Baba mdogo angemchukua anayenifuata, kwa kuwa ana akili na angemsaidia dukani jioni. Shangazi angemchukua wa tatu, kwa kuwa ni msichana mwenye nguvu na shamba ni kubwa. Mimi ningemaliza darasa la nane kisha nitafutiwe kazi ya nyumbani Nairobi. Aliyekuwa amebaki ni kitinda mimba, mwenye miaka minne na kikohozi kisichoisha. Shangazi akasema amesikia kuna makao ya watoto yanayosimamiwa na kanisa, na kwamba watoto wa huko hupata maziwa.

Usidhani walikuwa watu wabaya. Baba mdogo alikuwa na watoto sita wa kwake. Walikuwa wakihesabu vyumba na vitanda, basi.

Nikaenda nyuma ya ghala kuwatafuta wengine. Anayenifuata naye alikuwa amesikia. Alikuwa amekaa juu ya gunia akigawa kadi mafungu manne, moja moja, kwa haki kabisa.

"Hili lako, hili langu, hili la huyu," akaniambia bila kuinua kichwa. "Kila mtu atapanga zake huko aendako."

"Utapanga nini na kadi nne?" wa tatu akamfokea. "Namba moja atakuwa wa nani?"

"Tutapiga kura."

"Na atalinda wapi? Mukuyuni ama Mbumbuni?"

Kitinda mimba hakuelewa maneno, lakini alielewa mafungu. Aliona vitu vyetu vimetenganishwa, na hakupenda. Akapiga magoti katikati ya gunia na kuvikusanya vyote kwa mikono miwili kuwa fungu moja, akalalia juu yake kwa tumbo. Anayenifuata alijaribu kumtoa. Mtoto akang'ang'ania. Wakatazamana, na yule mwenye sheria akaacha kuvuta.

Nilirudi jikoni, nikachukua birika la chai, nikaingia ndani. Sikumimina. Niliweka birika chini nikachuchumaa kando yake.

"Baba mdogo," nikasema, "mimi nimeacha shule."

"Umeacha lini?"

"Leo."

Shangazi akapiga makofi mara moja. "Ngai! Sikia huyu! Aliyekuwa analia juzi sabuni ikimuingia machoni! Utawalisha nini hawa watoto, mawe?"

"Nitauza mitumba. Kibanda cha mama bado kipo. Shamba lipo, mbuzi wapo."

"Na wakigonjeka?"

"Nitawapeleka hospitali."

"Na ukigonjeka wewe?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Sitagonjeka," nikasema.

Baba mdogo hakucheka. Alisugua magoti yake. "Una miaka mingapi, kwani? Kumi na tano? Huko sokoni watakumaliza. Mtihani ndio huo umekaribia. Maliza kwanza, hawa wengine tutawaangalia, na wakati wa likizo mtakutana. Hatuwatupi."

Nilijua nikijibu haraka nitalia, na nikilia mambo yatakuwa yamekwisha. Nikakaa pale pale chini. Ni susu aliyeongea, akitazama upande ambao si wa mtu yeyote, kama watu wasioona vizuri wanavyofanya.

"Huyu unamwita nani?" akamuuliza baba mdogo.

"Nani?"

"Huyu aliye chini hapo. Unamwitaga nani?"

Baba mdogo alisita. "Mwaitu."

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

"Umemwita mama miaka hiyo yote, akuletee maji, akuletee kiti. Leo amekujibu kama mama, ndipo unamuuliza miaka?"

Nje mbuzi walikuwa wakigongana. Nakumbuka shangazi aliangalia dirisha kana kwamba ameitwa. Katika desturi zetu zipo nyingi ambazo nimeona watu wakizikwepa, na hata hiyo wangeweza kuikwepa, lakini si mbele ya mwenye jina akiwa ameketi pale.

"Mwaitu," baba mdogo akasema hatimaye, na mara hii sauti yake haikuwa ya mzaha. "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Basi mpaka mavuno. Nitaleta gunia la mahindi kila mwezi. Nikisikia mtoto mmoja amelala njaa, nakuja na gari, na hakuna kunibishia."

"Sawa."

Kabla hatujaitwa kula, niliwaambia wenzangu nyuma ya ghala. Wa tatu alikaa chini ghafla. Anayenifuata aliuliza kuhusu shule yangu, nikamwambia nimeacha. Akakunja uso.

"Mwalimu atasema umeshika rungu."

"Aseme. Nipange basi. Mimi ni namba ngapi?"

Akalichukulia swali hilo kwa uzito, kama alivyochukulia yote. "Mbili," akasema. "Mrina asali bado hajafanya kosa."

Shangazi alipakua. Unajua kwetu firigisi ya kuku hupewa nani, haipewi msichana. Ilikuwa kwenye sahani ya baba mdogo, kama ilivyostahili. Aliitazama, akaichukua kwa vidole, akainuka kitini na kuiweka juu ya ugali wangu.

"Shika, mwaitu," akasema. "Kama wewe ndiye mwenye boma."

Nilikuwa nimeiinua kufikia kinywani nilipomwona kitinda mimba ubavuni pangu, kinywa wazi kama kifaranga. Nikamtilia mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu sana, akikohoa na kutafuna.

Mavuno yakafika, yakapita, na hakuna aliyekuja na gari. Mahindi ya baba mdogo yalikuja kwa mwaka mmoja na nusu, kisha yakapungua, na kufikia hapo tulikuwa tumejua kusimama. Sikurudi shuleni. Nilijifunza soko kama wengine wanavyojifunza vitabu, na sioni haja ya kulipamba jambo hilo au kulilalamikia. Kadi tuliendelea kuzipanga kwa muda, kisha Jumapili moja anayenifuata alikuwa na masomo ya ziada, Jumapili nyingine wa tatu alikuwa kwaya, na bila mtu kutangaza, gunia halikutandikwa tena. Kadi zilihifadhiwa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Mwaka wa mvua nyingi mchwa walipanda kutoka sakafuni. Nilipofungua sanduku nilikuta udongo, na ule mpira wa kufungia ukiwa mzima.

Ghala lilianguka. Susu alikwenda, na jina sasa nimebaki nalo peke yangu. Mizinga ya baba iliibwa au ilioza, sijui. Mto bado upo, lakini watu huteka maji ya bomba kwenye kioski, na punda wamekuwa wachache. Nikipita Matinyani asubuhi sisikii mchi. Muthokoi siku hizi hukobolewa kwa mashine. Ni mweupe zaidi, na sijui nikuambie umekosa nini, ila umekosa.

Anayenifuata ni mhasibu Nairobi. Wa tatu ni muuguzi huko Makueni, na anapokuja hunipima presha kabla ya kunisalimu. Siku ile ya hoteli niliwapigia wote simu jioni. Wawili hao walikumbuka kila kitu. Anayenifuata alikataa katakata kwamba mrina asali ni mdakaji mpira. Alisema televisheni inaweza kukosea. Wa tatu alitaka kujua kama wameonyesha yule wa hewani, na kama ameshuka.

Kisha nikampigia kitinda mimba. Huyu sasa ni dereva wa lori barabara ya Mombasa, mwanamume mpana asiyekohoa hata kidogo. Alikuwa nyumbani kwake, nikamsikia mkewe akicheka karibu na simu.

"Kadi gani, dada?" akaniuliza. "Mimi kadi sizikumbuki."

"Hukumbuki ukizilalia?"

"Hapana. Mimi kitu ninachokumbuka cha zamani kabisa ni karamu. Kulikuwa na karamu kwetu, baba mdogo alikuja, shangazi, watu wote. Kuku wawili! Na wakanipa firigisi. Mimi, mtoto mdogo hivyo! Huyu mke wangu haamini, mwambie."

"Karamu ya nini?" nikamsikia mkewe akiuliza.

"Sijui. Ya furaha tu. Dada, si ni kweli?"

Nilikuwa nimekaa mlangoni, viatu vimevuliwa, furushi la kesho limefungwa kando yangu. Mwaka huo wote hakuacha kamwe kulala katikati yetu, na inaonekana hakujua kwamba kuna aliyewahi kufikiria vingine.

"Ni kweli," nikasema. "Kulikuwa na wageni."

"Unaona? Na ilikuwa tamu, dada. Mpaka leo sijala nyingine kama ile."

Nikamwambia ndiyo, ilikuwa tamu.